Wenye nyumba, tuachieni udongo uani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenye nyumba wa Dar es Salaam, na madalali wao, juu ya jambo linalotuumiza wapangaji kila masika yanapoingia. Mnapojenga au kukarabati, msifunike ua wote kwa pevingi, yaani vitofali vya saruji. Tuachieni kipande cha udongo.

Mimi ni fundi cherehani, nimepanga Tabata, na kazi naifanyia barazani. Mwezi wa tatu mpaka wa tano kwangu ni miezi ya kazi nyingi, maana miaka hii Idd na Pasaka zote zinaangukia humo: madera, kanzu za watoto, sare za kwaya. Na ndiyo miezi ya kupanda. Mama anayefanyia kazi nyumbani anajua mambo haya yanavyokwenda pamoja. Unashona mpaka macho yanauma, unainuka unang'oa magugu, unachuma mboga ya mchana, unabandika sufuria, unarudi kumalizia pindo la mteja anayekuja saa kumi.

Nyumba tunayokaa ilikuwa na ua wa udongo, si mkubwa, kuanzia ukuta wa jiko mpaka kwenye karo. Wapangaji wanne tuligawana. Mimi nilikuwa na matuta ya matembele na mchicha, pilipili mbuzi pembeni, na mchaichai karibu na bomba. Jirani yangu alikuwa na bamia na mpapai uliokwisha kuzaa. Udongo wa huku una mchanga mwingi, maji hayakai, kwa hiyo tulikuwa tukiomba kinyesi cha kuku kwa jirani anayefuga, tunakiacha kipoe kabisa kabla ya kukichanganya. Mvua za kwanza zikinyesha, mchicha unauchuma ndani ya mwezi mmoja. Matembele ni rahisi zaidi: unakata mche, unafukia vifundo viwili au vitatu, na ukishika unachuma miezi na miezi.

Mwaka jana, kabla ya mvua, mwenye nyumba akaleta mafundi wa pevingi. Taarifa tuliipata jioni, asubuhi wakaanza kung'oa. Mpapai ulikatwa ukiwa na matunda mabichi. Baada ya hapo dalali akapita kutuambia nyumba "imeboreshwa", kodi inapanda, na inalipwa miezi sita kwa mkupuo kama kawaida. Simlaumu mwenye nyumba kwa kutaka faida, nyumba ni yake na ameijenga kwa jasho. Ninachosema ni kwamba alilipia kuondoa kitu ambacho sisi tungekilipia kibaki.

Watu wanafanya mzaha kwamba mboga ni vitu vya mia mbili mia tatu. Waje sokoni mwezi wa nne. Mvua ikikaza, bustani za bondeni zinajaa maji, nyanya zinaoza, na fungu la mchicha linapungua mkononi huku bei iko palepale au imepanda. Sehemu kubwa ya majani tunayokula mjini hulimwa mabondeni, likiwemo bonde la Msimbazi, na kila mkazi wa Dar anajua maji ya mto ule yanapita kwenye uchafu gani kabla ya kufika kwenye tuta. Mboga niliyoiotesha mwenyewe najua imemwagiliwa nini. Nina mtoto mdogo, hilo kwangu si jambo la kubabaisha.

Na ladha, Mhariri. Mimi ni wa Muheza, kwetu matembele hayapikwi hivihivi. Unachuma vikonyo vyororo vya juu, unamenya nyuzi za kijiti, unaosha, unakatakata makubwa makubwa. Tui jepesi linatangulia jikoni na kitunguu, nyanya na chumvi, linachemka, ndipo majani yanaingia. Hufuniki, maana ukifunika yanapoteza ukijani. Yakishalainika unatia tui zito, unakoroga polepole lisikatike, unaepua mara tu linapoanza kutokota. Pilipili mbuzi moja nzima, isipasuke. Kwa ugali wa dona na dagaa wa kukaanga, sijui mtu atake nini tena. Matembele yaliyolala sokoni tangu alfajiri hayatoi mboga hiyo hata upike na nazi tatu.

Najua hoja za wenye nyumba, nimezisikia zote. Ya kwanza ni tope. Ni kweli, masika tope linaingia mpaka kitandani, na mpangaji mwenye gari hataki kukwama getini. Basi tandikeni pevingi njia ya gari na ya miguu, kutoka getini hadi milangoni, na pembeni acheni. Penye udongo pakipandwa ukoka au mboga, tope hakuna. Tope liko pale palipo wazi na panapokanyagwa. Hoja ya pili ni mbu. Mbu wa malaria anazaa kwenye maji yaliyotuama, na kwetu sasa maji yanatuama juu ya pevingi, pale ilipodidimia karibu na chemba. Tuta la mchicha linakunywa maji yake. Ya tatu ni nyoka na majani marefu. Hiyo ni kazi ya wapangaji kufyeka, na iandikwe kwenye mkataba, asiyefyeka atozwe.

Kuna jambo moja hawalisemi kabisa, nalo ni maji yenyewe yanakwenda wapi. Zamani mvua ya kawaida ilikuwa inaishia uani. Sasa maji ya bati na ya ua wote yanapita chini ya geti, yanaingia barabarani, yanakwenda kwa bibi mmoja mwenye nyumba chini yetu, ambaye kila mvua kubwa anapanga viroba vya mchanga mlangoni. Mtaa wetu umeinamia bondeni. Waliokuwa Dar wakati wa mafuriko ya Desemba 2011 wanakumbuka watu wa Jangwani na bonde zima la Msimbazi walivyokaa juu ya mapaa, na wengine wakaenda kuanza maisha upya Mabwepande. Sisemi ua wa nyumba moja ndio ulioleta yale. Nasema kila ua unaofunikwa unaongeza maji kwa aliye chini, na kwa aliye chini yake, mpaka mtoni.

Nimehama ardhini nikaingia kwenye viroba. Nachukua kiroba cha mchele cha kilo hamsini, nakikata katikati, chini nakishona pembe nne ili kisimame kama ndoo. Natumia uzi wa nailoni na sindano namba 18, mshono mara mbili, kisha natoboa matundu kwa msumari wa moto. Mikono ya kubebea nashona kwa mkanda wa begi lililochakaa. Vipande vya kitenge vinavyobaki kwa wateja nafungia mashina ya nyanya, maana kamba ya plastiki inakata shina upepo ukivuma. Wateja wameviona viroba vyangu, sasa wananiletea vyao niwashonee. Kiroba kinasaidia, lakini kinakauka haraka, na jua la Dar likikipiga kinachanika baada ya muda. Mpapai hautakaa humo. Mlimau hautakaa humo. Na juu ya pevingi joto la mchana linachoma mizizi.

Sikilizeni pia matangazo ya nyumba. Masaki na Mbezi Beach dalali anajivunia bustani. Akifika Tabata, Segerea, Kinyerezi, Mbagala, anajivunia "full pevingi", fensi na geti. Nani aliamua kwamba mwenye uwezo ndiye apewe udongo na majani, na sisi tupewe saruji? Sisi ndio tunaohitaji mboga ya uani kuliko wote. Mama yangu alikuwa msichana wakati wa kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona, mwaka 1974, na anasimulia watu wa mjini walivyoambiwa walime hata kuzunguka nyumba. Nyumba zetu za Kiswahili za Magomeni na Kariakoo, zile za vyumba sita na ukumbi katikati, zilikuwa na ua nyuma wa kupikia, kuanikia na kusukana. Ua ulikuwa sehemu ya nyumba.

Sisi wapangaji tunabeba mengi ya nyumba zisizo zetu. Kodi ya jengo, tangu Agosti 2021, inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, na tangu 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Anayenunua umeme ni mpangaji, na nyumba ngapi mwenye nyumba anaipunguza kwenye kodi ya pango? Dalali naye anataka ya mwezi mmoja kwa kutuonyesha mlango. Kwa hayo yote, kuomba mita chache za udongo si kudeka.

Nawaomba wenyeviti wa serikali za mitaa walizungumze hili kwenye mikutano, hasa mitaa iliyoinamia mabondeni, kabla vuli hazijaanza Oktoba. Nawaomba mafundi ujenzi wamshauri mwenye nyumba kabla ya kuagiza tripu ya vitofali. Na madalali, kwenye matangazo yenu andikeni kama ua una udongo, tena mseme ni hatua ngapi kwa ngapi. Mkataba wangu unaisha mwezi wa saba na sitaurudia. Natafuta chumba na sebule, Tabata, Segerea au Kinyerezi, chenye baraza ya kuweka cherehani na ua ambao jembe linaingia. Huo nitauongezea kodi.

Fundi Cherehani,
Tabata, Dar es Salaam