Shangazi, kidonge kinakausha mdomo, lakini pipi ndizo zinazotoboa meno

Shikamoo shangazi,

Unalalamika kwamba mdomo umekuwa mkavu tangu uanzishiwe amitriptilini kwa ajili ya miguu inayowaka moto usiku, na kwamba siku hizi huachi kumumunya ndimu, ubuyu na pipi za kifua ili upate mate. Ukavu ni kweli umeletwa na kidonge. Matundu kwenye meno, shangazi, hiyo ni kazi ya pipi.

Mtu mzima hutoa kama nusu lita hadi lita moja na nusu ya mate kwa siku. Tezi za mate hungoja amri ya neva, na amitriptilini huizuia amri hiyo isifike. Klofeniramini, ile ya mafua ambayo wengi huiita Piriton, nayo hufanya hivyohivyo, kwa hiyo ukizinywa pamoja ukavu unaongezeka. Tezi zenyewe ni nzima, ndiyo maana kutafuna kunasaidia: taya likifanya kazi, amri huja kwa nguvu na mate kidogo hupita. Aliyepigwa mionzi ya saratani shingoni mara nyingi hana bahati hiyo.

Mate si maji matupu. Yana bikaboneti ya kupoza asidi, na kalsiamu na fosfeti za kulirudishia jino madini. Bakteria wakila sukari hutoa asidi, na pH (kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi imezidi) ikishuka chini ya 5.5 gamba la jino huanza kuyeyuka. Mzizi ulioachwa wazi na fizi zilizorudi nyuma ni laini zaidi, huanza hata kwenye pH ya 6 na ushei. Kwa mwenye mate ya kutosha, mambo hutengemaa baada ya nusu saa hivi. Kwako huchukua muda mrefu zaidi, na kabla hayajatengemaa umeshatia pipi nyingine mdomoni. Ubuyu ni mbaya zaidi: mchachu, na bado umepakwa sukari. Hata chai ya sukari ya kunywa funda kwa funda asubuhi nzima ina hesabu hiyohiyo.

Chukua kioo, tazama meno ya mbele ya chini, pale yanapokutana na ufizi. Kwa kawaida hayo huoza mwisho, kwa sababu tezi za chini ya ulimi huyamwagia mate papo hapo. Ukiona doa la kahawia hapo, nenda kwa daktari wa meno wiki hiyohiyo, usingoje liume.

Badala ya pipi, tafuna jojo isiyo na sukari, hasa yenye zailitoli, dakika kumi hivi baada ya kula. Maji weka karibu, unywe funda dogo dogo. Ukitaka kusukutua, yeyusha nusu kijiko cha chai cha bikaboneti ya kupikia kwenye glasi ya maji, sukutua, tema. Iwe bikaboneti kweli: si beking pauda, wala magadi ya kulainishia maharage. Dawa za kusukutua zenye alkoholi ziache dukani, zinazidi kukausha.

Usiku ndio wa hatari, maana ukilala mate karibu yanakatika kabisa. Piga mswaki dakika mbili kwa dawa yenye floraidi ya 1450 ppm (imeandikwa ubavuni), kisha tema povu bila kusukutua na maji, ili floraidi ibaki kwenye meno. Baada ya hapo ni maji tu hadi asubuhi. Kwa wenye matundu mengi, daktari wa meno anaweza kuandika dawa ya 5000 ppm. Meno ya bandia yavue ukilala. Ulimi ukiwa mwekundu unaochoma, au ukitoka utando mweupe, huenda ni fangasi, na hiyo ina tiba yake.

Kidonge usikikatize ghafla. Mwulize daktari kama dozi inaweza kupunguzwa, au kubadilishwa na dawa nyingine ya neva. Pima na sukari pia: ikipanda unakojoa sana, na mdomo hukauka hata bila kidonge. Nenda na orodha ya kila unachomeza, ikiwemo ile ya presha ya kuongeza mkojo na hizo za mafua unazojinunulia dukani bila kumwambia mtu.