Bima yetu humjua mnyama akishakufa

Mhariri,

Naomba nafasi gazetini mwako niseme juu ya sungura. Najua wako watakaofungua ukurasa mwingine papo hapo, lakini nawasihi wasubiri kidogo, hasa wenye watoto nyumbani na kibanda cha waya uani.

Mimi ni fundi wa kushona, nakaa Majengo hapa Malindi. Mjukuu wangu namlea mimi tangu mamake aende Ghuba kufanya kazi, na kitu cha kwanza mtoto alichoniomba baada ya mama kuondoka kilikuwa sungura. Tulimnunua eneo la Barani, hapa hapa Malindi, kwa shilingi 800. Alikuwa wa kahawia mwenye mabaka meupe, mtoto akamwita Kashata. Miaka miwili alilala chini ya cherehani yangu, karibu na mguu ninaokanyagia. Mashine ikinyamaza huinua masikio kunitazama, kana kwamba anauliza kumetokea nini.

Mwezi wa pili mwaka huu, joto la kaskazi likiwa limeshika, Kashata aliacha kula. Husogelea sukumawiki, akainusa, akageuka. Manyoya ya chini ya kidevu yalikuwa yamelowa mate. Nikaenda duka la dawa za mifugo. Kijana wa pale akaniuliza ukubwa wake, akanipa chupa ya amoksisilini ya maji, nimnyweshe asubuhi na jioni. "Mama, hii hata mbwa na mbuzi huitumia." Siku ya pili Kashata akaanza kuhara. Siku ya nne alfajiri mjukuu wangu alimkuta amekwisha.

Aliyenieleza kilichotokea ni daktari wa mifugo aliyekuja mtaani kuchanja mbwa dhidi ya kichaa. Alisikiliza, kisha akasema polepole, kama mtu anayechagua maneno, kwamba dawa za jamii ya penisilini, na amoksisilini ni mojawapo, hazipewi sungura kwa mdomo. Sungura husaga chakula chake kwa msaada wa vijidudu vyema vilivyo katika mfuko mkubwa wa utumbo wa nyuma. Dawa ile huviua, vijidudu vibaya hupata nafasi, vikazaana na kutoa sumu. Kwa sindano, daktari anayejua anaweza kutumia baadhi ya dawa za jamii hiyo. Kwa mdomo zinaweza kuua. Akaniambia pia kuwa dawa ya viroboto ya mbwa yenye fipronili haifai kabisa kupakwa sungura, na hiyo nayo imejaa madukani.

Ugonjwa wenyewe, kwa dalili nilizomtajia, alidhani ni meno. Meno ya sungura hayaachi kuota maisha yake yote, ya mbele hufikia kama sentimita kumi kwa mwaka, na kinachoyapunguza ni kutafuna nyasi siku nzima. Mimi nilikuwa nampa Kashata mabaki ya mahamri na ukoko wa ugali, nikiona namdekeza. Meno yakazidi, yakamchoma mdomo, akaogopa kutafuna. Na sungura asipokula siku moja tu, utumbo husimama. Hawezi hata kutapika. Kwake yeye kukataa chakula asubuhi ni jambo la kukimbizwa kwa daktari asubuhi hiyohiyo, na mimi nilikuwa nimengoja siku mbili nikidhani ni joto.

Simlaumu yule kijana wa dukani peke yake. Aliniuzia alichokijua. Ila nauliza: katika mji wenye maduka mangapi ya dawa za mifugo, ni nani aliyewahi kumfundisha?

Binti ya dada yangu anaishi Leicester, Uingereza, anafanya kazi ya kutunza wazee. Yeye anafuga fereti. Kwa asiyemjua, fereti ni mnyama mrefu mwembamba, mla nyama, wa ukoo mmoja na kicheche wetu. Nilipompigia simu nikilia habari ya Kashata, akaniambia kuwa fereti wake amekatiwa bima. Nilidhani sikusikia vizuri. Akanieleza: hulipa kila mwezi, na mnyama akiugua kampuni hulipa gharama za daktari baada ya mwenye mnyama kutoa kiasi fulani cha mwanzo mwenyewe. Ugonjwa aliokuwa nao kabla ya kukatiwa bima haulipiwi. Hata huko, alisema, kampuni nyingi hutaka mbwa na paka tu, na ilimbidi atafute. Lakini alitafuta akapata, kwa sababu fereti ana magonjwa yake: uvimbe wa tezi zilizo karibu na figo, uvimbe wa kongosho unaoshusha sukari mwilini, na distempa, ugonjwa uleule wa virusi unaopata mbwa, ambao ukimpata fereti ni nadra kupona, kwa hiyo huchanjwa. Jike lisilopandishwa hukaa na joto la uzazi mfululizo hadi damu ikapungua na kumuua. Mambo haya daktari wa ng'ombe hawezi kuyajua kwa kubahatisha.

Basi nikaingia ofisi ya bima hapa mjini. Ajenti alikuwa mtu wa heshima, akanipa kiti na maji. Karatasi yake ya mifugo ilikuwa na ng'ombe, mbuzi, nguruwe na kuku. Akaniambia, "Mama, sungura wa shilingi 800 tutamkadiria nini?" Nikatafakari njia nzima ya kurudi nyumbani, maana alikuwa amenijibu bila kukusudia. Bima aliyonionyesha huhesabu thamani ya mnyama na kukulipa akifa. Bima ya yule fereti huhesabu gharama ya kumtibu, na kukulipia angali hai. Kwangu mimi shilingi 800 za maiti ya Kashata hazina kazi. Nilichohitaji ni mtu wa kunisaidia kulipa shilingi elfu mbili au tatu za daktari siku ile alipokataa sukumawiki.

Sizungumzii kobe, komba, kasuku wala nguchiro waliofungiwa majumbani. Hao ni wanyamapori, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inataka kibali cha KWS, shirika la serikali la kulinda wanyamapori. Nazungumzia sungura, simbilisi, njiwa na ndege wadogo wa kufugwa, ambao hakuna sheria inayowakataza, na bado hakuna anayewatibu.

Nimeambiwa kwamba binadamu wenyewe wanahangaika na SHA, bima ya afya ya serikali, nami naja na sungura. Mimi pia nalipia SHA, na naijua foleni ya hospitali. Siombi hata senti moja itolewe kwa mgonjwa apewe mnyama. Naomba kununua kwa pesa yangu kitu ambacho hakiuzwi. Kuna watu mitaa hii hufuga sungura thelathini wa nyama, na dawa iliyomuua Kashata itawaua wale thelathini vilevile. Mji huu uliwahi kupeleka twiga China, akafika hai mwaka 1415 baada ya safari ya miezi baharini. Lazima melini alikuwamo mtu aliyejua kumlisha.

Kwa idara ya mifugo ya Kaunti ya Kilifi ombi langu ni dogo: bango moja katika kila duka la dawa za mifugo, kwa Kiswahili, lenye dawa ambazo sungura hapewi. Na daktari mmoja apelekwe kusomea wanyama wadogo, ili tusiambiwe kila mara twende Nairobi, kilomita mia sita.

Kwa kampuni za bima, sisi tumeshaanza. Chama chetu cha wanawake kumi na wanne kinatenga shilingi 50 kwa kila mmoja kila mwezi tangu Aprili. Tunalipia tiba, hatulipii kifo. Mnyama akiingia mgonjwa hatumlipii hadi apone. Mwezi uliopita tulitoa shilingi 1,500 kwa sungura wa jirani yangu, meno yake ya mbele yakapunguzwa na daktari aliyepita kutoka Mombasa, kwa mashine ndogo, si kwa koleo, maana koleo hulipasua jino. Jioni ileile alitafuna nyasi, nasi tumesimama tukimsikiliza. Daftari la hesabu liko kwangu. Kampuni yoyote itakayotaka kuliona inakaribishwa.

Fundi wa cherehani,
Majengo, Malindi