Mwanangu, list yako ya drafti nimeisoma

Mwanangu,

Assalam aleikum. Huku Melbourne wote wazima, baridi ndo haijatuachia, dadako anakusalimia. List yako ya drafti ya AFL, ile ligi ya mpira wa Australia, imefika, majina thelathini ya vijana unaodhani klabu zitawachagua na maneno yako mbele ya kila jina, nimeisoma nikaisoma tena nikiwa breki kazini, hadi yule bibi shabiki wa klabu ya Bulldogs ninayemwangalia pale kwenye nyumba ya wazee akataka nimsomee kwa sauti. Amecheka sana, anasema na yeye alikuwa hivo hivo ujana wake. Uliniomba nikamwangalie kijana wa Western Jets, timu ya vijana ya huku, ulomweka namba 29, manake mimi niko karibu na wewe uko Perth, upande wa pili wa nchi, basi nilikwenda Williamstown na nina maneno mengi, kwa hivo kaa chini.

Kwanza upepo. Ule uwanja uko ukingoni mwa bahari na siku ile upepo ulikuwa unakata masikio, mpira ukipigwa kuelekea goli moja unarudi kama umeitwa. Wewe umeandika "mguu wake hauaminiki". Umeona wapi? Kwenye vile vivideo vya dakika mbili, na sitashangaa kama nusu yake vilichukuliwa uwanja huo huo. Sasa nikwambie nilichokiona mimi: robo ya tatu walikuwa wanacheza dhidi ya upepo, wenzake wote wanaupiga mpira juu unapotea, yeye hakupiga mrefu hata mara moja, anaupiga chini chini, usawa wa kifua, mtu wa karibu, anakimbia kwenda kuupokea tena. Hakuna aliyepiga makofi. Kitu kama hicho hakiingii kwenye video manake hakina kelele, lakini ndo mpira wenyewe huo. Tena nilimtazama alipokosea, manake alikosea, alidakiwa mpira na wakafungwa goli, na kabla mwamuzi wa goli hajamaliza kupunga bendera zake yeye keshasimama na mtu wake. Hilo ningelitia kwenye list, wewe umetia urefu wa mikono.

Pale kwenye fensi walikuwapo mashabiki kadhaa watu wazima na vijitabu vyao. Si maskauti, maskauti huvaa majaketi ya klabu na hawafungui mdomo, hawa ni watu kama wewe tu, wanakuja na thamosi za chai, wanajua kila mtoto anasoma shule gani na babake alicheza wapi mechi ngapi. Niliwapenda wallahi, wanajua kuangalia mpira kuliko hao wa kwenye TV. Mmoja akasema kijana wetu mwembamba mno, ligi kubwa watamvunja. Mwenziwe akasema na tena ni mtoto wa nyumbani sana, klabu ya mbali ikimchukua miaka miwili tu atataka kurudi kwao. Na mamake alikuwa amekaa hapo hapo, kajifunika blanketi, nilijua ni mamake manake mtoto akigongwa yeye ndo anayesema aah. Alisikia kila kitu. Akanyamaza akaangalia mbele.

Hilo la kurudi kwao ndilo lililonifanya nikuandikie barua badala ya voisi noti, manake na wewe umeliandika. Namba 4, "hatari ya kurudi Victoria", yaani jimbo letu hili la Melbourne. Namba 11, "familia imeshikana sana, Eagles wawe makini". Babangu! Kushikana na familia imekuwa kasoro lini? Hana mbio, hana mguu wa kushoto, anampenda mamake, yote safu moja, ile ya mwisho ya kasoro?

Hesabu yenu naielewa, usidhani sielewi. Eagles, timu yako, iko Perth, watoto wengi wanaochezea kiwango hicho wanatoka Victoria, ndege masaa manne, klabu inatumia chaguo la maana na miaka ya kumlea halafu kijana anasema nataka nyumbani. Inauma. Lakini hebu tazama drafti yenyewe ilivyo. Timu iliyoshika mkia inachagua kwanza, jina linasomwa Novemba, mtoto ana miaka kumi na nane au hajafika sawasawa, na hana kauli, akitajwa na Perth ni Perth, akitajwa na Brisbane ni Brisbane, mkataba miaka miwili mitatu, begi, kwaheri. Wenzake aliosoma nao wanachagua chuo, wanachagua mji, wewe mwenyewe ulichagua Perth na ukalia simu nzima mwezi wa kwanza (nakumbuka, usikatae). Yeye akikumbuka kwao mnamwita msaliti.

Na ushahidi mkubwa uko kwenye timu yako mwenyewe. Drafti ya 2001, ile ambayo mpaka leo wanaizungumza kwenye kila kibanda cha mechi, Hawthorn walimchukua Luke Hodge namba 1, St Kilda wakamchukua Luke Ball namba 2, Eagles wakabaki na Chris Judd namba 3. Mtoto wa Victoria. Angekuwa kwenye list yako ungemwandikia "hatari". Basi hatari yenyewe ikachukua Brownlow, tuzo ya mchezaji bora wa ligi, 2004, ikawa kapteni wa ubingwa wa 2006, halafu mwisho wa 2007 ndo ikasema nataka kurudi Melbourne, ikaenda Carlton. Mlilia. Na Carlton wakawapa nini? Kwenye biashara ile mkampata Josh Kennedy, ambaye ni mtoto wa huko huko Western Australia, Carlton walimchukua namba 4 mwaka 2005 wakampeleka mbali na kwao. Aliporudi nyumbani akawafungia magoli kuliko mtu yeyote katika historia ya klabu, na alikuwepo 2018 mlipochukua kombe. Sasa kurudi nyumbani ni kasoro anaporudi Judd, ni baraka anaporudi Kennedy? Chagueni moja.

Ndio, najua utaniambia Horne-Francis, namba 1 wa 2021, alikaa North Melbourne msimu mmoja akarudi kwao Adelaide kuchezea klabu ya Port. Ni kweli na North waliumia. Lakini timu ile ilikuwa inapigwa kila wiki, na mtoto alikuwa hata hajafika miaka ishirini. Harley Reid naye, kabla ya drafti ya 2023 mwaka mzima mashabiki walikuwa wanabishana Eagles wamchukue au waiuze namba 1, eti mtoto wa Tongala huku Victoria hatakaa, na Tongala yenyewe wengi wao wasingeionyesha kwenye ramani. Wewe ulikuwa mmojawapo, ulinipigia usiku wa manane hujui saa za huku zimetangulia.

Nirudi kwenye wembamba. Wenye umri wa miaka kumi na saba wote wembamba ama vibonge, wale wanaoonekana wanaume kamili mara nyingi wametangulia kukua tu, wenzao wakiwafikia mnashangaa imekuwaje. Warefu ndo wanachelewa zaidi. Max Gawn alikuwa namba 34 mwaka 2009, leo nani hamjui, kapteni wa Melbourne waliochukua kombe 2021. Aliir Aliir kazaliwa Kakuma, kambini kwetu Turkana, akaujua mpira huu akiwa tayari mkubwa kidogo, akachezea East Fremantle hapo hapo mlangoni mwenu, na kwenye drafti ya 2013 klabu zikampita mpaka Sydney walipomtaja namba 44, halafu 2021 akiwa na Port yumo kwenye timu bora ya nchi nzima. Na Mac Andrew, mtoto wa familia ya Sudan Kusini, mwembamba utadhani upepo wa Williamstown utambeba, alilelewa kwenye akademi ya klabu ya Melbourne, lakini mwaka ule sheria haikuruhusu klabu kumlinda mtoto wa akademi hiyo akitakwa ndani ya ishirini za kwanza, Gold Coast wakamnyakua namba 5. Kuna waliocheka. Sasa ndo nguzo ya ulinzi wao.

Halafu nyinyi Eagles mna ugonjwa wa kusahau. Dean Cox aliingia kwa orodha ya ruki, ya wale wasiotajwa kwenye drafti kubwa, ule mlango wa nyuma. Matt Priddis walisema ana miguu mizito, drafti kubwa ikampita, akaingia na yeye kwa mlango huo huo, akachukua Brownlow 2014. McGovern naye ruki. Ile fainali ya 2018 dhidi ya Collingwood, dakika za mwisho, mko nyuma, McGovern kadaka kule nyuma, ukaenda kwa Vardy, ukaenda kwa Liam Ryan, ukaishia kwa Sheed pembeni kabisa akafunga, mkashinda kwa pointi tano. Sheed ndio, alikuwa namba 11. Lakini Ryan alipitwa miaka mitatu, mkamchukua ana miaka 21, namba 26. Kombe lile limepitia mikono ya watu ambao list kama yako isingewataja.

Sikwambii uache. Napenda unavyofanya, napenda kwamba unanitumia mimi na si marafiki zako tu, na mengine umeyaona vizuri sana, yule fowadi wa Dandenong uliyesema anajua pa kusimama kabla mpira haujaja, nimemtazama, ni kweli kabisa. Ninachokataa ni hiyo safu ya mwisho, ya kasoro. Neno linamganda mtoto, kama nambari inavyomganda. Jack Watts alikuwa namba 1 mwaka 2008 na aliyemfuata ni Nic Naitanui wenu, basi kila alichofanya Watts miaka yote ile kilipimwa na Naitanui, hata siku alizocheza vizuri. Tom Boyd namba 1 wa 2013, akaja Bulldogs kwa mkataba mnene, mitaa hii yote walimsema, pesa imepotea, mtoto mzito, na fainali ya 2016 akafunga matatu, moja lile la mbali kabisa lililomaliza mchezo, na Bulldogs walikuwa hawajachukua kombe tangu 1954. Bibi wangu wa kazini akifika hapo hulia, kila mara. Halafu 2019 Boyd ana miaka 23 akastaafu, akasema wazi kuhusu afya ya akili yake. Mashabiki waliomsema mwanzo ndo haohao waliandika tunakupenda.

Oktoba wataitwa wale wanaotakiwa kupimwa, mbio za mita 20, kuruka, kukimbia kilomita mbili, na najua siku hiyo list yako yote utaipindua kwa sababu mmoja kakimbia chini ya sekunde 2.9. Poa, pindua. Kijana wetu kilomita mbili atawashangaza, nilimuona robo ya nne watu wamekunja magoti yeye anakwenda tu, anauliza mpira. Mita 20 hatashangaza mtu, hilo nakupa.

Tulipokuwa tunatoka nilimpita mamake nikamwambia mwanao anacheza vizuri. Akaniuliza wako yupi, nikamwambia wangu hachezi, yuko Perth, anasoma. Akauliza Perth pakoje. Maswali yalikuwa mengi mwanangu, chakula, baridi, kama kuna watu wa kwao, kama watoto wanakuja nyumbani mara ngapi kwa mwaka. Nikamjibu nilivyoweza. Kwa hivo usiniambie kwamba huyo hataki mtoto wake aende, alikuwa ameshaanza kupanga.

Mimi namweka namba 14. Ile safu ya mwisho ifute kwa wote thelathini kisha unitumie list upya, na utaona namba 4 wako anarudi namba 2 panapomstahili. Kamari haramu na sichezi, ila tupeane ahadi tu: kijana wetu akitajwa kabla ya 20, Disemba unakuja na unakaa likizo yote, si zile siku tatu zako za kukimbiakimbia. Akitajwa baada ya hapo nakutumia mkebe mzima wa achari ya ndimu, na akitajwa na Eagles wenyewe, basi mpatie mamake nambari yangu.

Mamako