Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Misimu ya Mawimbi na Usafi wa Maji

Ndugu wanachama,

Mwaka huu hakuna swali lililoletwa mbele ya kamati mara nyingi kama hili: leo tuingie majini au tusiingie? Wengi wenu mngependa chama chetu cha wapanda mawimbi kitoe kanuni moja itakayotumika ufukwe wowote wa visiwa vya tropiki. Tumelijadili kikao baada ya kikao, na sehemu kubwa ya taarifa hii ni juu ya hilo. Msimamo wangu ni kwamba kanuni ya namna hiyo haipo, na tukiilazimisha tutaumiza watu.

Nianze na mawimbi. Kisiwa hakina msimu mmoja. Kila upande una wake. Oahu, kule Hawaii, dhoruba za Pasifiki ya Kaskazini hupeleka mawimbi makubwa pwani ya kaskazini kuanzia Novemba hadi Februari, na wakati huo kusini kumetulia. Ikifika Juni hadi Agosti mambo hugeuka: kusini hupokea mawimbi yaliyozaliwa kwenye dhoruba za kipupwe cha nusu ya kusini ya dunia, yakiwa yamesafiri maelfu ya kilomita. Ndiyo maana bahari huweza kuchafuka siku ya jua kali, anga jeupe, upepo hakuna. Wanachama wapya, naomba mzoee kusoma muda kati ya wimbi na wimbi, msiishie kwenye kimo. Wimbi la mita moja na nusu lenye sekunde 16 lina nguvu kuliko la kimo hichohicho lenye sekunde 8, na huja kwa makundi. Bahari inalala, mtu anaingia, kundi linamkuta mwambani.

Sasa linganisheni na Bali, kule Indonesia. Kati ya Aprili na Oktoba, upepo wa kusini-mashariki hutoka nchi kavu kuelekea baharini kwenye pwani ya magharibi, mawimbi ya Uluwatu yakasimama vizuri. Mvua zikianza Novemba upepo hugeuka, ukasukuma takataka zilizoletwa na mito hadi mchanga wa Kuta ukafunikwa na plastiki. Wapanda mawimbi huhamia mashariki, Sanur na Nusa Dua. Kwa hiyo Bali, wimbi zuri la magharibi na maji machafu huja miezi tofauti. Oahu ni kinyume: mvua nyingi na mawimbi makubwa ya kaskazini huangukia miezi ileile, na siku ambayo kila mtu anatamani kuingia huweza kuwa ndiyo siku mto umemwaga matope baharini. Kalenda ya kisiwa kimoja haihamishiki kwenda kingine.

Kuhusu upimaji wa maji, nawashukuru kwa dhati wanachama waliojitolea kuchukua sampuli. Kazi ile inaonekana nyepesi mpaka uifanye: unaingia hadi magotini, unasubiri mchanga uliotibua utulie, unazamisha chupa mdomo ukielekea mkondo unakotoka, bila kugusa ndani ya kifuniko, kisha unaiweka kwenye barafu na kukimbiza maabara ndani ya saa 6. Waliofanya hivyo alfajiri, wiki hadi wiki, wamekibeba chama.

Lakini tuyasome majibu kwa akili. Tunachopima ni enterokoki, bakteria wanaoashiria kinyesi. Marekani, kwa mwongozo wa 2012, wastani usizidi 35 kwa kila mililita 100. Tatizo ni kwamba kwenye tropiki bakteria hawa huishi na hata kuzaliana kwenye udongo wenye joto na unyevu. Mvua ikinyesha hesabu hupanda hata pale ambapo hakuna bomba lililopasuka. Hawaii wameliona hilo zamani, ndiyo maana hupima pia klostridia, bakteria wengine wa kinyesi, ambao hutofautisha vizuri zaidi maji taka na udongo. Tena kipimo cha kawaida huchukua takriban saa 24, kwa hiyo jibu la leo ni la maji ya jana.

Hilo lisimfanye mtu adharau namba. Machi 2006, baada ya mvua za wiki nyingi, bomba kuu la maji taka lilipasuka Waikiki, kusini mwa Oahu, na takriban lita milioni 180 za maji taka zikaelekezwa kwenye mfereji wa Ala Wai, unaoishia baharini. Siku kama hizo udongo na kinyesi vyote vina rangi moja ya kahawia, na macho hayatofautishi. Hata matope matupu hubeba homa ya mgunda kutoka mkojo wa wanyama, nayo huingia kirahisi penye jeraha. Mwenzetu mmoja mwaka huu alichanwa mguu na mwamba, akarudi kwenye maji ya kahawia kesho yake. Kidonda kilivimba akalazwa. Namshukuru Mungu amepona, na ameniruhusu niliseme hili.

Mapato na matumizi atayasoma mhazini; hesabu zimekaguliwa na hazina shida.

Kamati inaleta mbele yenu mapendekezo matatu. Kwanza, kila tawi liandike kalenda yake, upande kwa upande wa kisiwa: mawimbi, upepo, mvua, na mito inapomwaga. Pili, fedha za upimaji zielekezwe kwenye klostridia hata kama idadi ya sampuli itapungua; mimi binafsi naliunga mkono hili kwa nguvu zote. Tatu, maji yakiwa ya kahawia, shughuli zote za chama zisimame mpaka mvua ikatike na zipite siku mbili au tatu maji yatakate, bila kungoja maabara, na mwenye kidonda kibichi asiingie kabisa. Najua la tatu litatunyima baadhi ya mawimbi bora ya mwaka. Kura itapigwa baada ya taarifa ya mhazini, kila pendekezo peke yake.

Mwenyekiti