Shemeji, hiyo barua ya mbunge usiifute

Shemeji,

Umetuma kwenye grupu la familia barua pepe ya mbunge wa eneo lenu, ukauliza kama ni siasa tupu au kuna kitu ndani. Kitu kipo, ila kimefunikwa. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu watu wetu wengi pale kaskazini mwa Minneapolis hupokea barua za namna hiyo kila kikao cha Bunge la jimbo la Minnesota kinapokaribia, na wengi huzifuta bila kuzifungua.

Kwanza hakikisha ni mbunge wako kweli. Seneti ya Minnesota ina wilaya 67, na kila wilaya imegawanywa mara mbili, A na B, ndiyo maana Baraza la Wawakilishi lina viti 134. Mji wenu wa Brooklyn Park hauko chini ya mtu mmoja. Sehemu yake iko wilaya ya 38A, kwa Huldah Momanyi-Hiltsley, mzaliwa wa Kenya aliyechaguliwa Novemba 2024 kwa tiketi ya DFL, jina ambalo Democrats hulitumia katika jimbo hilo. Sehemu nyingine iko 34B, iliyokuwa ya Melissa Hortman, Spika wa zamani, hadi alipouawa kwa risasi nyumbani kwake pamoja na mumewe tarehe 14 Juni 2025. Uchaguzi mdogo wa tarehe 16 Septemba ulimpa Xp Lee kiti hicho. Kwa hiyo jirani wa ng'ambo ya barabara anaweza kuwa na mbunge mwingine kabisa. Tovuti ya Bunge ina ukurasa wa kuandika anwani ya nyumba ukaonyeshwa wawakilishi wako. Andika anwani nzima, maana msimbo mmoja wa posta unaweza kugusa wilaya mbili.

Halafu weka kando kipimo cha nyumbani. Mbunge wa jimbo hana mfuko wa maendeleo kama NG-CDF ya wabunge wa Kenya, hagawi basari, na hatakuja kwenye harambee na bahasha. Silaha zake ni kura, mswada, marekebisho, na simu inayopigwa na ofisi yake kwa idara ya serikali ya jimbo pale faili lako linapokwama. Hiyo ya mwisho watu wetu hawaitumii. Ukikwama kwenye leseni ya uuguzi, malipo ya ukosefu wa kazi au leseni ya udereva, iandikie ofisi yake kwa ufupi: jina kama lilivyo kwenye hati, namba ya faili, tarehe uliyotuma maombi, na jibu la mwisho ulilopata. Namba ya Social Security usiiweke kwenye barua pepe. Pengine watakutaka utie sahihi ruhusa ya kuwawezesha kuuliza habari zako. Itie siku hiyo hiyo, kwa sababu bila hiyo idara haiwaambii chochote.

Sasa hiyo sehemu ya barua inayosema "kazi niliyofanya". Hapo angalia mswada umefika wapi. Kuwasilisha mswada ni jambo jepesi: ni kuuandikisha, ukapewa namba ya HF kwa Baraza au SF kwa Seneti, ukapelekwa kamati. Mswada mmoja wa Baraza unaweza kubeba majina ya wabunge hadi 35, hivyo "nimeshiriki kuandika" huweza kumaanisha jina lake ni la ishirini na saba. Mtafute wa kwanza kwenye orodha, huyo ndiye mwenye mzigo. Kisha uliza: umesikilizwa na kamati? Una mwenzake upande wa Seneti? Usiposikilizwa kabla ya tarehe ya mwisho ya kamati, njia pekee iliyobaki kwa kawaida ni kuingizwa kipande kipande ndani ya ule mswada mnene wa bajeti unaobeba mingine mingi. Hapo ndipo kazi nyingi za kweli hufichwa: aya mbili ndani ya kurasa mia kadhaa, na jina la aliyezipigania halionekani popote.

Tena usimhukumu mbunge wa kipindi cha 2025 na 2026 kwa idadi ya miswada iliyopita kwa jina lake. Uchaguzi wa 2024 uliwapa DFL na Republican viti 67 kwa 67 Barazani. Kupitisha mswada Barazani ni kura 68, na viti vikibaki wazi hesabu hiyo haishuki. Januari 2025 DFL walisusia vikao mpaka makubaliano yalipopatikana mwanzoni mwa Februari. Lisa Demuth wa Republican akawa Spika, na kamati nyingi zikaongozwa na wenyeviti wawili, mmoja kila upande. Maana yake kila mswada ulihitaji angalau mtu mmoja kutoka ng'ambo. Bajeti yenyewe ilikamilishwa kwenye kikao maalumu cha tarehe 9 Juni, na bei yake ilikuwa chungu: watu wazima wasio na hati za uhamiaji waliondolewa MinnesotaCare, bima ya afya ya jimbo kwa wenye kipato kidogo, kwa kura 68 dhidi ya 65 Barazani, na bima yao ikakoma tarehe 31 Desemba 2025. Watoto wao walio chini ya miaka 18 wamebaki. Kama kuna familia unayoijua iliyowatoa watoto ikidhani wote wamefutwa, waambie warudi kuuliza kaunti yenu, Hennepin County.

Kinachokugusa wewe na mke wako moja kwa moja ni likizo ya malipo ya jimbo, ile Paid Leave. Sheria ilipitishwa 2023, kabla mbunge wenu hajaingia, kwa hiyo yeyote aliyeingia juzi akiiandika kama yake, mpunguzie. Lakini malipo yameanza tarehe 1 Januari 2026, na mnaofanya kazi za CNA, yaani wasaidizi wa wauguzi, na nyumba za malezi ndio mnaoihitaji kuliko wote.

Makato ya 2026 ni asilimia 0.88 ya mshahara, na mwajiri hawezi kukutwika zaidi ya nusu. Ukilipwa dola 22 kwa saa kwa saa 40, yaani dola 880 kwa wiki, wewe hukatwi zaidi ya dola 3.87. Angalia hati ya malipo: ikizidi hapo, uliza kwa maandishi. Ukiugua, malipo yanahesabiwa kwa ngazi kwa kutumia wastani wa mshahara wa jimbo, ambao kwa 2026 ni dola 1,423 kwa wiki. Unapata asilimia 90 ya sehemu ya mshahara wako isiyozidi nusu ya wastani huo, yaani dola 711.50, kisha asilimia 66 ya kinachozidi hapo hadi wastani wenyewe, na asilimia 55 ya kilicho juu ya wastani. Kwa mshahara wako wa 880 hiyo ni dola 640.35 na dola 111.21, jumla kama dola 752 kwa wiki. Hakuna anayelipwa zaidi ya dola 1,423.

Wiki ni 12 kwa ugonjwa wako mwenyewe, na 12 kwa familia: mtoto mchanga, au kumuuguza mzazi, mwenzi, nyanya, hata mkwe. Ukizihitaji zote mbili mwaka mmoja, kikomo ni 20. Mama aliyejifungua anaweza kutumia za ugonjwa kwanza, kisha za mtoto. Na hili wengi hawalijui: mtoto aliyezaliwa 2025 bado anawapa wazazi haki hiyo mpaka atimize miezi kumi na miwili.

Sharti la kipato ni dogo, karibu dola 3,900 kwa mwaka uliotangulia, na mishahara ya waajiri tofauti hujumlishwa. Mwenye zamu mbili sehemu mbili asidhani kila kazi inahesabiwa peke yake. Asiyekuwemo ni anayelipwa kama mkandarasi huru. Huyo hakatwi chochote na halipwi chochote mpaka ajiunge mwenyewe. Wako wenzetu wengi wanaoendesha magari ya kusafirisha wagonjwa kwa mtindo huo, na wengine hawajui hata kama wameandikishwa hivyo.

Maombi hukwama sehemu zile zile. Mtu anaandika majina matatu ya pasipoti ilhali mwajiri anaripoti mawili, na mfumo hauoni mshahara wake. Daktari anajaza cheti bila tarehe ya kuanza na ya kumaliza, kinarudishwa. Ugonjwa wenyewe lazima uwe wa siku 7 au zaidi. Mafua ya siku tatu hayamo, hayo yana saa zako za ugonjwa, saa moja kwa kila saa 30 ulizofanya kazi, hadi 48 kwa mwaka. Na likizo inayojulikana mapema, kama upasuaji uliopangwa au kujifungua, mwajiri aambiwe siku 30 kabla. Mwambie kwa ujumbe unaobaki, si kwa mdomo kwenye korido. Kazi yako inalindwa ukishatimiza siku 90 hapo, kwa hiyo aliyeajiriwa mwezi jana anaweza kulipwa na bado akakosa pa kurudi. Afikirie vizuri kabla ya kuondoka.

Lile wazo la ndugu yetu la kufungua nyumba ya malezi, mwambie asubiri kabla ya kutia sahihi mkataba wa kupanga nyumba. Idara ya Huduma kwa Watu imesimamisha leseni mpya za 245D, zile za kuwahudumia wenye ulemavu majumbani na kwenye jamii, kwa miaka miwili kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Hatua hiyo ilitanguliwa na kufungwa kwa Housing Stabilization, mpango wa kuwasaidia wenye ulemavu na wazee kupata makazi, tarehe 31 Oktoba 2025: ulikadiriwa kugharimu kama dola milioni 2.6 kwa mwaka, ukafika zaidi ya milioni 100 mwaka 2024, na wizi ukagunduliwa. Walioiba ni wachache, lakini watoa huduma halali wengi nao wanachunguzwa malipo yao. Anayeuza "leseni iliyo tayari" kwenye makundi ya WhatsApp anauza hewa.

Kuna mambo ambayo mbunge wa jimbo hana amri nayo, na kumwandikia ni kupoteza wiki. Maafisa wa uhamiaji waliojaa mitaani kuanzia Desemba 2025 walikuwa wa serikali kuu. Visa na faili la USCIS, idara ya uhamiaji ya serikali kuu, mpelekee mbunge wako wa Washington au seneta wa Marekani. Theluji na mashimo ya barabara ya mtaani ni ya halmashauri ya mji. Basi la shule na shule yenyewe ni bodi ya wilaya ya shule, mfano ile ya Osseo, namba 279. Treni ya Blue Line itakayopita West Broadway iko chini ya Metropolitan Council na kaunti, ingawa fedha za jimbo hupitia Bunge, kwa hiyo hilo unaweza kugonga milango yote mitatu.

Kikao cha Bunge cha 2026 ni kuanzia tarehe 17 Februari, na lazima kifungwe kabla ya tarehe 18 Mei kuisha. Miswada ya 2025 bado iko hai mpaka hapo, usidhani imekufa. Chagua mmoja unaokugusa, jiandikishe kwenye huduma ya MyBills ya tovuti ya Bunge upate taarifa kila unaposogea. Ukitangazwa kusikilizwa, msimamizi wa kamati anapokea majina ya watakaozungumza, mara nyingi mpaka siku moja kabla. Utapewa dakika mbili au tatu. Sema unakoishi, kazi yako, namba ya mswada, kifungu kipi kinakuumiza na unataka kisomeke vipi. Hotuba ya kuwashukuru waheshimiwa itakula muda wote. Ushahidi wa maandishi huwekwa hadharani, hivyo andika jina la mji bila namba ya nyumba. Ofisi za wabunge wa Baraza zilihamishiwa Centennial Office Building wakati State Office Building inakarabatiwa. Ukienda kwa mazoea utakuta uzio.

Kuzungumza kamatini na kumwandikia mbunge hakuhitaji uraia. Kupiga kura kunahitaji. Tarehe 3 Novemba 2026 viti vyote vya Baraza na Seneti vinapigiwa kura, na raia anaweza kujiandikisha siku hiyo hiyo kituoni. Lakini wewe bado una green card, yaani ukaazi wa kudumu bila uraia, na jimbo sasa huwaandikisha wapiga kura moja kwa moja kupitia leseni za udereva. Ikikufikia kadi ya mpiga kura kwa posta, usiitumie wala usiitupe. Peleka barua kwa ofisi ya uchaguzi ya Hennepin County ukiomba jina liondolewe, weka nakala ya barua na ya jibu lao, kwa sababu fomu ya kuomba uraia itakuuliza kama umewahi kujiandikisha.