Kuhuisha au Kufufua?

Tanga

Sahibu yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote wa nyumbani. Nimeisoma rasimu ya katiba ya chama chenu, na swali lako juu ya kifungu cha uanachama, kama muandike "kuhuisha" au "kufufua", limenifurahisha kuliko katiba yenyewe.

"Huisha" limetokana na kitenzi "hui", chenye asili ya Kiarabu na undugu na "hai", "uhai" na hata "hayati", neno ambalo kwa asili ni uhai lakini sisi tumewakabidhi viongozi waliofariki. Katika maandishi ya Kiislamu uzito wake umebaki: Mwenyezi Mungu huihuisha ardhi kwa mvua baada ya kufa kwake, na waumini huuhuisha usiku kwa ibada katika kumi la mwisho la Ramadhani. Ofisi zetu ndizo zilizolishusha hadi kwenye leseni na usajili, vitu ambavyo havijafa bali muda wake umekwisha au unakaribia kwisha, na kwa maoni yangu limetulia vizuri huko.

"Kufufua" ni la Kibantu, ukoo mmoja na "kufa" na "mfu", na ni vigumu kulisikia bila kukumbuka kaburi. Mwanachama aliyechelewa kulipa ada hafufuliwi. Linalofufuliwa ni lile tawi lenu lisilofanya mkutano kwa miaka. "Kujadidi", kutoka neno la Kiarabu lenye maana ya "-pya", ni zuri, ila wengi watahitaji kufafanuliwa. "Kusasisha", lililoundwa kutokana na "sasa", liachieni programu za kompyuta.

Kuna tahadhari moja. Maandishi hayatofautishi "huisha" hili na lile la mazoea, yaani "isha" lenye kiambishi "hu-", kwa hiyo "uanachama huisha kila Desemba" na "huisha uanachama kila Desemba" ni sentensi zinazokaribia kugongana, moja ikitangaza mwisho na nyingine ikiamuru uendelee. Mjumbe mkorofi hatakosa la kuchezea hapo. Ningependekeza muandike: "Uanachama utakoma tarehe 31 Desemba ya kila mwaka, na mwanachama atauhuisha kwa kulipa ada kabla ya tarehe hiyo."

Kifungu cha mweka hazina nitakusomea wiki ijayo.

Wasalaam,
Rafiki yako