Barua kwa Binti Yangu Kuhusu Mishipa ya Miguu

Moshi

Mwanangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Arusha, wewe pamoja na mtoto tunayemsubiri. Umeniambia kwamba mishipa imejitokeza nyuma ya goti na kwenye kigimbi, na kwamba kila ukifunga saluni jioni miguu inakuwa mizito na kuwasha. Jambo hili limo katika ukoo wetu, bibi yako alikuwa nalo na mimi ninalo, na kazi ya ususi inakuweka wima kutwa nzima. Kwa hiyo nakuandikia kwa kirefu.

Damu iliyoshuka miguuni hurudi moyoni kupitia mishipa iitwayo vena, nayo hulazimika kupanda. Ndani ya vena mna vali ndogo zinazofunguka kuelekea juu tu, na unapotembea, misuli ya kigimbi huzikamua vena hizo na kuisukuma damu ipande. Wewe umekulia kwenye mifereji ya huku mlimani, unajua kilango kikioza maji hutuama pasipotakiwa. Vali ikilegea, damu hurudi chini vivyo hivyo, vena ikatanuka na kujipindapinda, na vali iliyo chini yake nayo ikazidiwa. Ujauzito huongeza mzigo huo, kwa kuwa damu mwilini huwa nyingi zaidi, homoni hulegeza kuta za vena, na tumbo linapokua hukandamiza vena kubwa za nyonga. Kwa wanawake wengi mishipa hupungua miezi kadhaa baada ya kujifungua, na kwa kawaida madaktari hawaitibu kwa kuiziba au kuiondoa wakati wa mimba. Basi usikubali kuharakishwa na mtu yeyote.

Najua utaambiwa uchuliwe kwa nguvu, upigwe chuku au uchanjwe ili damu chafu itoke. Nakusihi ukatae. Kuchua hakurudishi vali iliyolegea, na kuchanja juu ya vena iliyojaa kunaweza kuleta damu nyingi kuliko unavyodhani. Ikitokea mshipa umepasuka, lala chini papo hapo, inua mguu juu kuliko moyo, bonyeza kwa kitambaa safi kwa dakika 10 bila kuchungulia, kisha upelekwe hospitali.

Bibi yako hakuanza na kidonda. Ngozi ya upande wa ndani, juu kidogo ya kifundo cha mguu, ilianza kuwa ya kahawia iliyokoza, ikakauka na kuwa ngumu, naye akawa anaikuna usiku. Siku moja alijikwaruza kidogo tu kwenye kuni, na mkwaruzo ule haukupona. Majirani walisema amekanyaga dawa aliyotegewa. Wengine walikiita kidonda ndugu wakakata tamaa. Alipokwenda kutibiwa kilisafishwa na kufungwa bandeji, kikafungwa tena na tena, wala hakuna aliyemsimamisha akautazama mguu mzima hadi kwenye paja. Hilo linaniuma mpaka leo, maana kidonda cha namna ile hulishwa na damu inayorudi kutoka juu, na bila kushughulikia vena yenyewe hata kikifunga hurudi kwa urahisi. Kwa hiyo kila unapooga itazame ngozi ya mahali hapo. Ikibadilika rangi, usingoje.

Kwa sasa, usisimame mahali pamoja kwa muda mrefu. Kati ya mteja na mteja tembea hadi mlangoni na kurudi, na ukiwa unasuka simama kwa vidole kisha ushuke, mara kwa mara, ili kigimbi kifanye kazi yake. Kusuka ukiwa umeketi kutwa hakutasaidia sana, kwa sababu kigimbi kikitulia damu hutuama vilevile. Nyumbani lala ukiwa umeweka mito chini ya miguu, na usiku lalia ubavu wa kushoto.

Mguu mmoja ukivimba ghafla, ukauma na kuwa wa moto, nenda hospitali siku hiyohiyo, na ukiishiwa pumzi au kifua kikichoma nenda saa hiyohiyo. Huenda damu imeganda ndani, na mjamzito yuko katika hatari zaidi ya hilo.

Ukishajifungua na mwili ukitulia, kama mishipa bado inakusumbua tutamwona daktari wa upasuaji hapa kwenye hospitali ya KCMC. Omba kipimo cha utrasaundi ya Dopla, kinachoonyesha damu inarudi chini kuanzia wapi. Vena mbovu inaweza kuzibwa kutoka ndani kwa joto la leza au la mawimbi ya redio chini ya ganzi, au kwa dawa ya povu inayodungwa, au kuondolewa kwa upasuaji. Tutauliza njia ipi inapatikana na kwa gharama gani. Usihofu kupoteza vena hiyo, kwa kuwa damu hupita kwenye vena nzima zilizobaki.

Kuhusu soksi za kubana, ukienda kliniki mwombe daktari akupime mapigo ya damu upande wa juu wa unyayo, kwani mwenye ateri zilizoziba, yaani mishipa inayopeleka damu miguuni, soksi hizo zinaweza kumdhuru. Akikuruhusu, jipime kwa utepe wa fundi cherehani asubuhi kabla miguu haijavimba: mzunguko wa kifundo mahali pembamba zaidi, mzunguko wa kigimbi mahali panene zaidi, na urefu kutoka kisigino hadi chini ya goti, miguu yote miwili. Nitumie vipimo hivyo kwa simu nizitafute. Zikifika, uzivae ukiwa bado kitandani.

Mama yako akupendaye